Hili Paa ni la Nani?

Kuna hadithi mbili kuhusu sola ambazo zimenichosha. Ya kwanza inasema sola ni ya ushago: paneli moja juu ya mabati, taa tatu, redio, na nyanya anayetabasamu kwenye tangazo. Ya pili inasema sola ni ya wenye pesa: Karen, Runda, nyumba ya vigae na geti linalojifungua lenyewe, betri zimepangwa ukutani zinang'aa kama friji mpya. Sisi wa katikati hatumo. Sisi tunaoishi Rongai, orofa ya nne, tunaolipa kodi tarehe tano na kununua tokeni za shilingi mia mbili, hakuna anayetuwazia tukiwa na jua. Ni kana kwamba jua likifika Nkoroi linaziruka ploti zetu na kwenda zake Kiserian.

Hoja yangu ni moja, na naisema mapema ili anayetaka kunipinga aanze sasa. Paa la ploti ya kukodisha ni mtambo mdogo wa umeme ambao haujafungwa, na sababu ya kutofungwa si uhaba wa jua, wala siku hizi si bei ya paneli. Sababu ni kwamba mwenye paa halipi stima, na anayelipa stima hana paa.

Panda juu ya ploti yoyote hapa, kama msimamizi atakuruhusu. Utakuta matangi meusi matatu, kamba za nguo, dishi za televisheni zilizoelekea upande mmoja kama waumini, vyuma vya nguzo vinavyochungulia angani kwa sababu mwenye ploti bado anaota orofa ya sita, na kiti cha plastiki kilichovunjika mguu. Sehemu iliyobaki ni zege tupu linalopigwa na jua tangu asubuhi mpaka jioni. Siku isiyo na ukungu utaona Milima ya Ngong na mitambo ya upepo ikizunguka polepole. Ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Leo shamba lile la KenGen lina megawati 25.5. Ukizidi kwenda kusini, ndani ya Kajiado hiihii, kuna Kipeto: mitambo 60, megawati 100, inayouza umeme tangu 2021. Kwa hiyo kaunti yetu si maskini wa nguvu. Lakini umeme wa Kipeto unapelekwa Isinya, unaingia gridi ya taifa, na gridi haina ujirani. Waya ya mtaa ikizima, panga za Ngong zinaendelea kuzunguka mbele ya macho yako huku wewe unapapasa ukitafuta kiberiti.

Ndio maana nikisikia megawati mpya zimetangazwa kwenye habari, sishangilii. Rongai haina shida ya megawati. Ina shida ya mwisho wa waya. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya watu 170,000, na wenzetu wa Kitengela zaidi ya 150,000, katika miji ambayo wazee wanaikumbuka ikiwa malisho ya ng'ombe. Nyumba zilipanda haraka kuliko transfoma. Na hata kule juu kwenye gridi yenyewe mambo huenda mrama: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani, abiria wakamulikiana kwa simu. Manze, siku hiyo angalau tulikuwa sawa na watu wa ndege.

Hebu tuelewane kwanza sola yenyewe inafanyaje kazi, kwa sababu nusu ya watu ninaobishana nao wanadhani paneli hupikwa na jua mpaka itoe umeme, kama sufuria inavyotoa mvuke. Hapana. Paneli haitaki joto, inataka mwanga. Kila kipande cheusi au cha bluu unachoona chini ya kioo ni silikoni, kitu kinachopatikana kutokana na mchanga na mawe ya kwarizi. Upande mmoja wa kipande hicho umetiwa fosforasi kidogo, kwa hiyo una elektroni za ziada. Upande wa pili umetiwa boroni, kwa hiyo una matundu, yaani nafasi zinazongoja elektroni. Ukitaka mfano wa hapa kwetu: orofa moja imejaa wapangaji kupita kiasi, nyingine ina vyumba vitupu, na kati yao kuna mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mwanga ukipiga silikoni, unaing'oa elektroni pale ilipokuwa imetulia. Ule mpaka wa katikati unaisukuma upande mmoja na kuizuia kurudi kwa njia ileile. Ukiiwekea waya kwa nje, itazunguka na waya huo irudi nyumbani, na ikiwa njiani ndipo inapokuwashia taa. Umeme ni huo. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachoungua, hakuna kelele.

Kipande kimoja kinatoa karibu nusu volti tu, hata tochi itakucheka. Ndio sababu vinaunganishwa kwa mfululizo, 60 au 72 au zaidi kwenye paneli moja, kisha paneli nazo zinaunganishwa mpaka volti mia kadhaa ziteremke kwenye waya. Umeme huo unaenda upande mmoja tu bila kugeuka, ule mafundi wanaouita DC. Friji na pasi yako hazijui lugha hiyo. Hapo ndipo inveta inapoingia: inaugeuza umeme uende na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa volti 240, ufanane na ule wa ukutani.

Na kwa kuwa paneli huchukia joto, ile baridi ya Julai inayotufanya tulale na soksi si adui yake. Adui ni wingu. Kila nyuzijoto moja inayozidi 25 kwenye paneli yenyewe hupunguza nguvu yake kwa kama asilimia 0.3 au 0.4. Ichukue paneli ya Rongai uipeleke mwisho wa barabara yetu, kule Magadi, chini bondeni kwenye magadi yenyewe: itapata mwanga tele, lakini itahema. Sisi tuko juu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na upepo wa Ngong unatupitia bure. Tuko pia kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua halitukimbii miezi sita kama linavyowakimbia Wajerumani, ambao wamejaza paneli juu ya mapaa yao wakiwa na jua la kubahatisha.

Wala usiniambie teknolojia ni changa. Paneli ya silikoni ya kwanza yenye maana ilionyeshwa Marekani kwenye maabara za Bell mwaka 1954, kabla Kenya haijapata uhuru. Hapa nchini, mwaka 1984 mwalimu wa kujitolea Mark Hankins na mhandisi Harold Burris waliweka umeme wa sola katika shule ya harambee ya Karamugi, wilaya ya Meru ya wakati huo, na mafundi waliofunzwa huko wakaisambaza kwa wakulima wa kahawa na majani chai. Hapakuwa na waziri wa kukata utepe. Watu walichoka kununua mafuta ya taa na kuchaji betri za gari mjini, basi. Hii ndiyo historia ya sola Kenya: ilianza na watu waliokuwa na paa lao wenyewe. Na mpaka leo imebaki ya watu wenye paa lao wenyewe. Mkulima wa Meru analo. Chuo Kikuu cha Strathmore kinalo, kilifunga kilowati 600 mwaka 2014. Garden City pale barabara ya Thika ilizifunga juu ya maegesho ya magari, likafuatwa na duka kuu hili na kiwanda kile. Mpangaji wa Rongai ana nini? Ana dirisha moja linalotazama dirisha la ploti ya pili.

Nimekaa na daftari nikapiga hesabu, na naomba uihakiki. Tuchukue ploti ya milango 16, paa la mita 10 kwa 20. Paneli za siku hizi za wati 550 huchukua mita za mraba 2.6 hivi kila moja. Weka 30: hizo ni kilowati 16.5, na zinachukua chini ya nusu ya paa, nguo zinabaki na nafasi yake. Kwa jua la huku, kila kilowati moja inaweza kutoa kama yuniti nne kwa siku, ukishatoa vumbi, mawingu na kinachopotelea njiani. Jumla yuniti 66 kwa siku. Nyumba ya kupanga yenye taa, televisheni, friji ndogo, simu na tarakilishi haili zaidi ya yuniti mbili kwa siku. Mara 16 ni 32. Pampu ya kisima ya kilowati 4 ikikimbia saa tano ni yuniti 20. Jumla 52. Chenji inabaki.

Najua utasema nini. Utasema: wewe, sisi tunarudi nyumbani saa mbili usiku, tumekaa kwenye jamu ya Magadi Road tangu saa kumi na moja, jua limeshalala. Ni kweli, na hii ndiyo hoja ya maana kuliko zote dhidi yangu. Jua linatoa saa sita mchana wakati ploti ina mama wawili, mtoto mchanga na paka. Tunayotaka sisi ni ya saa moja hadi saa nne usiku, saa zilezile ambazo taifa zima linapika, linapiga pasi na kutazama mpira. Bila betri sola haimfai mpangaji anayefanya kazi mjini. Tena wauzaji wengine hawasemi hili: ukifunga paneli na inveta ya kuunganishwa na gridi bila betri, stima ikipotea na sola yako inazima, hata kukiwa na jua la kupasua mawe. Si ubovu. Imetengenezwa hivyo makusudi, isipeleke umeme kwenye waya ambao fundi juu ya nguzo anaamini umekufa. Nimeona mtu mzima akilia kwa hasira juu ya jambo hili, amelipa, amepanda juu, anaziangalia paneli zake zikiota jua kama mijusi.

Lakini kuna betri ambayo kila ploti ya Rongai tayari inayo, na hakuna anayeiita betri. Ni tangi la maji.

Wewe unayeishi hapa hujambo na maji? Hatuna mfereji wa kutegemea. Tuna visima, malori ya maji na mikokoteni ya madumu. Maji yetu yako chini ya mwamba, na hayapandi kwa maombi. Yanapandishwa na pampu, na pampu inakula stima. Kwa hiyo kila dumu la lita 20 unalonunua lina stima ndani yake. Stima ikipotea siku mbili, hatukosi tu Netflix. Tunakosa kuoga, tunakosa kupika, choo kinaanza kunuka, na bei ya dumu inapanda kabla hata hujamaliza kulalamika. Genereta ikiwashwa kuokoa hali, dizeli yake utailipa wewe, ndani ya dumu hilohilo.

Sasa pampu haina haja ya usiku. Pampu ifanye kazi saa tano asubuhi hadi saa kumi, ijaze matangi ya juu, kisha jua likizama maji yateremke yenyewe kwa uzito wake mpaka asubuhi. Wingu likipita, pampu inapunguza mwendo, likiondoka inaongeza. Hakuna betri ya lithiamu, hakuna wizi wa betri, hakuna sayansi ya kutisha. Wafugaji wa Kajiado wanaijua kazi hii kwa muda mrefu; huko ndani kuna visima vya mifugo vinavyovuta maji kwa sola bila nguzo ya stima hata moja kuonekana. Ng'ombe wa Kajiado anakunywa maji ya sola, na mwanadamu wa Rongai anangoja waya.

Nilimpelekea mwenye ploti yetu wazo hili. Ni mzee mstaarabu, anapenda kukaa kwenye kivuli cha duka pale chini siku ya kukusanya kodi. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Hii pampu inakula stima ya pesa ngapi kwa mwezi?"

"Marahaba, kijana. Mbona unauliza?"

"Nilikuwa nafikiria tukiweka sola, hiyo bili inaweza kushuka sana."

Akacheka, kicheko cha upole kabisa. "Hiyo bili si mnalipa nyinyi? Iko ndani ya maji yenu. Mimi nikinunua paneli, itanirudishia nini?"

Nikanyamaza kidogo. Halafu akanimaliza: "Na wewe kijana, kufikia wakati paneli zimelipa pesa yake, utakuwa umehama."

Simchukii mzee. Aliongea ukweli wa biashara yake kwa sentensi mbili, jambo ambalo ripoti nyingi za nishati zinashindwa kufanya kwa kurasa mia. Yeye ana paa, ana hati, anaweza kukopa benki, hana bili. Mimi nina bili. Sina paa, sina hati, na mkataba wangu unavunjwa kwa notisi ya mwezi mmoja. Katikati yetu jua linamwagika kila siku na kupotea. Wanaosema soko litajisuluhisha waje wakae kwenye kile kivuli cha duka waone soko likicheka.

Na sheria je? Sheria inamtazama yeye, si mimi. Sheria ya Nishati ya 2019 inakuruhusu kuzalisha umeme kwa matumizi yako mwenyewe, mpaka megawati moja, bila leseni. Megawati moja ni kubwa mno, ni kama paa la ploti yetu mara 60. Lakini soma vizuri: matumizi yako mwenyewe. Mwenye ploti akizalisha kwenye paa na kuniuzia mimi mlango nambari 12, hayo si matumizi yake tena, hiyo ni biashara ya kuuza umeme, na biashara hiyo ina leseni zake, zilezile zilizoandikwa kwa ajili ya makampuni. Kisha mwaka 2024 zikatoka kanuni za kumruhusu mwenye paneli kupeleka ziada yake kwenye gridi na kupewa yuniti za kutumia baadaye. Vizuri. Ila kwa kila yuniti unayopeleka, unarudishiwa nusu. Unampa jirani kilo ya sukari, yeye anakurudishia nusu kilo, na mnaitana wenza. Najua sababu: waya, nguzo na transfoma zina gharama na lazima mtu azilipie. Sikatai. Nachokataa ni mpango mzima kujengwa juu ya mtu mwenye akaunti yake, mita yake na paa lake, kana kwamba nusu ya mji haikodishi.

Mita ni kidonda kingine. Tangu bei mpya za Aprili 2023, anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi analipa bei ya chini kabisa, anayefika 100 analipa ya kati, na anayepita hapo analipa ya juu. Ni mpango wa kumlinda mnyonge. Lakini ploti nyingi za huku zina mita moja kubwa ya mwenye nyumba, halafu vijimita vyake vidogo kwa kila mlango. Kwa macho ya gridi, ploti nzima ni mteja mmoja mroho. Mama wa chumba kimoja anayewasha balbu mbili na kuchaji simu analipishwa kana kwamba ana bwawa la kuogelea. Punguzo aliloandikiwa na serikali halipandi ngazi. Wachumi wetu wakitoa hotuba kuhusu umeme nafuu kwa maskini, mtu awaulize kama wameshawahi kuona kijimita cha ploti.

Kodi nayo imetuchezesha shere. Mwaka 2013 VAT iliwekwa kwa vifaa vya sola, 2014 ikaondolewa, 2020 ikarudi, 2021 ikaondolewa tena. Mtambo unaodumu miaka 25 unauzwa kwenye nchi inayobadilisha mawazo kila bajeti. Fundi anakupa bei Mei, ikifika Julai inabidi aombe msamaha.

Kundi ninalotaka kugombana nalo zaidi, hata hivyo, si wazee wenye ploti wala watunga kanuni. Ni sisi. Ni marafiki zangu wa rika langu, wenye kazi za mtandaoni, ambao jibu lao kwa kila kitu ni kununua kifaa. Stima inapotea, mtu ananunua betri ya kuchajia na inveta ndogo ya kuwasha ruta, anapiga picha ya meza yake inavyong'aa ghorofa nzima ikiwa giza, anaandika, "Mimi nimejipanga." Umejipanga, sawa. Jirani yako wa mlango wa pili anakunja kucha za watu kwa mwanga wa simu. Kinyozi wa chini amemwachia mteja nusu kichwa. Wewe umepata kisiwa, si umeme.

Rongai imejengwa hivi tangu mwanzo, kila mtu na lake. Maji, chimba kisima chako. Usalama, ajiri mlinzi wako, jenga ukuta, tia vioo juu yake. Takataka, lipa kijana wa mkokoteni. Barabara ya ndani, changeni mnunue kokoto. Hata nganya zetu zimejitosheleza: gari moja la Rongai lina taa, skrini na spika za kutosha kijiji, zote zinalishwa na injini yake, na unaweza kushuka kutoka kwenye disko la mwanga wa zambarau ukaingia kwenye ploti isiyo na balbu ya ngazi. Sasa tunataka kuingiza na jua kwenye orodha hiyo, kitu pekee ambacho hakuna aliyefaulu kukiwekea ukuta. Mwenye uwezo ajitoe, na akishajitoa, gharama ya nguzo na waya iwaangukie waliobaki, ambao ndio hawakuwa na uwezo. Makampuni makubwa yameshaanza kuondoka. Hilo swala la nani atabaki analipia gridi si la uzushi, na jibu lake haliwezi kuwa kumzuia mtu jua. Lakini haliwezi pia kuwa selfi yako na ruta.

Wala msinipakazie hoja ya kuokoa dunia. Umeme wa Kenya tayari kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 90, unatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Paneli 30 za ploti ya Rongai hazitapoza barafu ya Mlima Kenya. Ninachotaka ni kitu kidogo na cha ubinafsi zaidi: maji yatoke bombani siku ya Jumatano, na bei yake isitegemee dizeli.

Kugawana mtambo mmoja si ndoto pia. Talek, pale mlangoni mwa Maasai Mara, kulijengwa mtambo mdogo wa sola uliofunguliwa 2015: paneli, betri, genereta ya akiba, waya za kijiji na mita za kulipa kabla. Maduka, nyumba na hoteli ndogo zikaunganishwa kwenye chanzo kimoja, kila mmoja akilipa alichotumia. Kama inawezekana kwenye kituo cha biashara kilichotawanyika nyikani, ikiwa na waya za kuvuta kati ya majengo, kwa nini ishindikane kwenye jengo moja lenye milango 16 na ngazi moja? Mradi wa serikali wa kupeleka sola vijijini kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulichagua kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Narok imo. Kajiado haimo. Sisi tunahesabiwa kuwa tumeshafikiwa, kwa sababu waya unapita juu ya vichwa vyetu.

Kuna mlango mmoja uko karibu, na si wa Nairobi. Hakuna ploti inayopanda bila ramani yake kupitishwa na kaunti. Kaunti hiyohiyo inayodai choo kiwe wapi na ngazi ziwe na upana gani inaweza kudai paa liachiwe nafasi ya paneli, bomba la waya lishuke ukutani tangu msingi, na pampu iwe na mita yake peke yake. Hilo la kanuni ya jengo lilishajaribiwa: mwaka 2012 zilitoka kanuni za taifa za kutaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawe na hita za sola. Tembea kutoka Tumaini mpaka Rimpa ukihesabu hita hizo, vidole vya mkono mmoja vitatosha na kimoja kitabaki cha kujikunia. Kanuni bila mtu wa kuisukuma ni karatasi. Na wa kusukuma hawezi kuwa mwenye ploti, tumeshaona anacheka.

Kwa hiyo ni sisi, tunaohama. Tunahama, ndiyo, lakini tunahamia ploti ya pili kutoka hapo, kwenye kisima kilekile na bei ileile ya dumu. Ploti yangu tumeanza na watu saba kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho awali kilikuwa cha kulalamikia mbwa. Hatujaomba paneli bado. Tumeomba kitu kimoja, kwa barua yenye sahihi: pampu ifungwe mita yake, na bili ya kila mwezi ibandikwe mlangoni, palepale panapobandikwa ilani ya kodi.